Walipoanza Kumwona Bonge

Hotelini walimwita Bonge, na yeye aliitika. Jina lake la cheti lilikuwa zuri tu, la bibi mzaa baba, lakini siku ya kwanza aliposhuka ngazi kwenda chumba cha kufulia, mmoja wa wafuaji alisema, "Haya jamani, leo tumeletewa bonge la mtu," wakacheka wote, na jina likanata. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wao. Tangu shuleni alikuwa amejifunza kwamba ukiwahi kujicheka, wenzako wanabakiwa na kidogo tu.

Kazi yake ilikuwa kupiga pasi. Mashuka yalipita kwenye mashine ndefu yenye roli la moto: shuka linaingia upande huu bichi na lenye mikunjo, linatoka upande wa pili limenyooka, na watu wawili wanalipokea na kulikunja pembe kwa pembe. Mashati aliyapiga kwa mkono. Kwanza kola, kisha mabega, kisha mikono, kifua mwisho. Mashati ya Meneja wa hoteli aliyajua kuliko alivyomjua Meneja mwenyewe. Alijua lipi limeanza kulika kwenye kola na lipi lina doa la wino lisilotoka. Miaka yote hiyo Meneja hakuwahi kumsalimu. Hakuwa na ubaya naye. Alimpita tu, kama unavyopita karibu na tangi la maji.

Huko juu, mtu mmoja tu ndiye ambaye hakumwita Bonge: dada wa mapokezi. Alikuwa mwanamke mzuri wa sura na umbo, ambaye wageni walimtafutia visababu vya kumuuliza njia ya kwenda mahali walipokwisha kufika. Akishuka na nguo za wageni aliegemea meza ya pasi na kusema, "Shoga, habari za motoni?" Bonge alimjibu, "Moto ni ule ule, walioungua ndio wanabadilika." Wakacheka kidogo, kisha yule akapanda zake juu.

Nyumbani Bonge alikuwa na mume. Mtaa mzima ulimwita Ngano, kwa sababu alioka mikate na unga haukumtoka nyusini hata siku ya mapumziko. Alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa mizaha. Alirudi kutoka kiwandani asubuhi, mkate wa moto kwapani, wakati mkewe anajiandaa kwenda kazini, wakanywa chai pamoja mmoja akipiga miayo ya usingizi na mwingine ya kuamka. Mbele za watu alipenda kusema, "Mimi nilitaka mke anayejaza nyumba. Hawa wembamba ukifungua dirisha wanapeperuka." Wanawake walimwonea Bonge wivu kwa maneno hayo. Naye aliyashika. Kabla ya Ngano hakuna aliyewahi kubisha mlango wa baba yake kwa ajili yake. Wadogo zake waliolewa mmoja baada ya mwingine, yeye akiwasuka nywele na kuwashonea magauni ya harusi. Kisha akaja huyu. Kwa hiyo kila dunia ilipomrushia neno alijiambia, potelea mbali, mtu mmoja ameniona na ananitosha.

Magoti ndiyo yaliyoanzisha mambo. Kusimama kutwa kwenye sakafu ya saruji kulimharibu, ikafika mahali ngazi za hoteli alizipanda kwa makalio, akijisukuma kinyumenyume kama mtoto. Daktari alimgusagusa, akamwambia hana dawa ya kumpa zaidi ya kutembea. "Mama, magoti yako yamebeba watu wawili. Tembea. Ukizoea, tembea haraka."

Ngano alilipokea jambo hilo kwa kicheko. Alikwenda mwenyewe sokoni akamnunulia raba za rangi ya waridi, akapiga magoti sebuleni kumfunga kamba. "Haya, mkimbiaji wangu. Usije ukanikimbia tu." Ulikuwa utani. Wote wawili walidhani hatamaliza hata wiki.

Nyuma ya mtaa wao kulikuwa na kiwanja cha shule ambako baadhi ya wanawake walikutana jioni kufanya mazoezi. Aliyewaongoza walimwita Kocha, mwalimu mstaafu, mkavu kama kijiti, mwenye mdomo usio na breki. Siku ya kwanza Bonge alizunguka uwanja mara moja akakaa chini, mapigo ya moyo akiyasikia hadi kwenye meno. Kocha akamsimamia kichwani. "Umekufa?"

"Bado."

"Basi inuka. Wafu ndio wanaolala."

Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakurudi kwa ajili ya uzuri. Uzuri ulikuwa kitu cha watu wengine, kama magari makubwa. Unayaona yakipita na hayakuumizi roho. Alirudi kwa sababu usiku magoti yalianza kumwacha alale, na kwa sababu ya kitu ambacho hakuwa na jina lake: kile kipande cha mwisho cha uwanja ambapo pumzi, baada ya kugoma na kugoma, ghafla inafunguka na miguu inakwenda yenyewe. Pale hakuwa Bonge wala nani. Alikuwa mtu anayekimbia.

Mwili ukaanza kuondoka taratibu. Sketi zikazunguka kiunoni, akazipunguza kwa mkono. Pete ya ndoa ikawa inateleza wakati wa kuosha vyombo, akaizungushia uzi. Mvua zilipokuja na kwisha, na nyingine zikaja, shingo yake ilikuwa imejitokeza, na chini ya shingo mifupa miwili ambayo hakuwahi kujua kwamba anayo.

Na watu wakaanza kumwona.

Aliyetangulia ni mlinzi wa geti la nyuma, ambaye miaka yote alimpekua mkoba huku anatazama pembeni. Siku hiyo alimbebea. "Mkoba mzito huu kwa mikono kama hiyo," alisema. Ulikuwa mkoba ule ule. Wauza duka wakaanza kumrudishia chenji mkononi, wakati zamani waliitupa juu ya kaunta. Vijana wa jikoni walimwekea nyama iliyo nzuri. Wanaume wasiomjua walimshikia milango, na yeye, kwa kutozoea, alisimama akidhani nyuma yake kuna mtu mwingine. Hata mizaha yake ilibadilika thamani. Neno lile lile alilolisema mwaka juzi na hakuna aliyeinua kichwa, sasa lilivunja watu mbavu. "Kumbe unachekesha hivi!" walimwambia.

Mwanzoni ilikuwa tamu, nani atakataa. Alitembea na utamu huo mdomoni kama pipi. Halafu ikaja siku ya Meneja.

Alikuwa amepanda juu na mashati yametundikwa kwenye kidole chake, akiyapeleka ofisini kama alivyoyapeleka wiki zote. Meneja alitoka mlangoni, akasimama, akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akatabasamu. Bonge hakuwahi kuyaona meno yake.

"Karibu sana," Meneja alisema. "Wewe ni mgeni hapa? Umeanza lini?"

Alifungua mdomo ajibu. Alitaka kusema, hilo shati ulilovaa lina kifungo nilichokishona mimi ulipokuwa unaenda kumzika baba yako. Badala yake alisema, "Nipo siku nyingi, bosi," akacheka kile kicheko chake cha zamani, akampa mashati. Alishuka mpaka stoo ya shuka, akajifungia, akakaa juu ya mablanketi. Alidhani atalia kwa furaha au kwa uchungu. Kilichotoka ni hasira, hasira kavu. Kwa hiyo sikuwepo, alijiambia. Nilikuwa nadhani wananidharau. Kumbe hawakuwa hata na habari nami. Aliwaza kuhusu yule mwanamke aliyekuwa anapanda ngazi kwa makalio, aliyeamka alfajiri na kupiga pasi mpaka viganja vikawa sugu, na akamwonea uchungu kama ndugu aliyefia ugenini. Kila anayemsifu sasa, alihisi, anamtukana yule.

Alifika nyumbani na hilo moyoni, akitaka kumwambia mumewe, kwa kuwa huyu ndiye asiyehitaji kuambiwa yeye ni nani. Ila Ngano alikuwa hamtazami tena usoni.

Hakuna aliyejua lini hasa alianza kubadilika. Hapo mwanzo alijivuna, akawaonyesha wenzake kiwandani picha za mkewe kwenye simu. Mmoja wao akapiga mluzi. Baada ya hapo picha hazikuonyeshwa tena. Alianza kurudi na vitu visivyo mkate: skonzi zilizopakwa sukari, keki zilizovunjika pembe, biskuti za siagi kwenye mfuko wa karatasi uliolowa mafuta. "Kula, mke wangu, utakwisha." Akikataa, Ngano aliviacha mezani vimefunuliwa, karibu na kikombe chake. Siku nyingine raba zilikuwa zimelowekwa kwenye ndoo, zinafuliwa eti zinanuka. Siku nyingine funguo hazionekani mpaka jua lizame. Na sikuzote yale maswali yaliyoulizwa kwa sauti ya mchezo. Kiwanjani mko wanawake watupu? Huyo mlinzi ana mke? Kwani mtu akikimbia lazima avae suruali ya kubana?

"Ulininunulia viatu wewe mwenyewe," Bonge alimwambia.

"Nilinunua vya kutembelea."

Kisha Jumapili moja akaja wifi yake, dada mkubwa wa Ngano, pamoja na shangazi zao wawili. Walivaa nguo za heshima na kubeba mfuko wa machungwa. Walikaa kwenye kochi wamebanana, mikono mapajani, wakamtazama Bonge anavyowaandalia chai kama watu wanaotazama nyumba inayouzwa.

"Kaa, wifi, usijichoshe," wifi alisema. "Pole sana. Kaka ametuambia."

"Amewaambia nini?"

Wifi akashusha sauti. "Usione aibu. Sisi ni ndugu. Siku hizi kuna dawa, mtu anaishi mpaka anazeeka."

Bonge alimgeukia mumewe. Ngano alikuwa anachunguza kucha zake, akizitoa unga ambao haukuwemo.

"Mimi naumwa?" Bonge aliuliza. "Umewaambia naumwa?"

"Nimesema umepungua," Ngano alijibu bila kuinua macho. "Mengine wameongeza wao."

"Watu wote mtaani wanajua," shangazi mmoja alisema kwa upole. "Tunakuombea."

Hapo ndipo alipoelewa kwa nini jirani amekuwa akimwekea kikombe chake pembeni, na kwa nini mama wa duka alimshika mkono wiki iliyopita na kumwambia ajikaze. Alikwenda jikoni, akaung'oa mtungi wa gesi mahali pake, akarudi nao sebuleni ameushika kwa mkono mmoja, akausimamisha mbele ya wageni. "Mgonjwa ndiye huyu?"

Shangazi wa pili, aliyekuwa kimya muda wote, akatikisa kichwa. "Hata mjomba wenu alikuwa na nguvu hivyo mwanzoni," alisema. "Ndivyo inavyoanza."

Zamani angecheka hadi ashike ukuta. Alikitafuta kile kicheko, hakikuja. Akaubeba mtungi na kuurudisha jikoni, akasimama huko akiwasikia wanakunywa chai.

Siku zilizofuata alimmiminia Ngano chai, akaenda zake kazini. Kwani aseme nini? Mwanaume ameona ni afadhali mtaa uamini mkewe anakufa kuliko uamini amependeza.

Wakati huo huo mambo ya kazini yalikuwa yanakwenda upande wake, na hayo ndiyo yaliyomshinda zaidi. Dada wa mapokezi alikuwa amejifungua. Aliporudi kutoka likizo ya uzazi alikuwa amenenepa, uso umejaa, kiuno kimepotea, na blauzi ya sare haikufunga kifuani. Alikaa mapokezi siku chache tu. Meneja akamwita Bonge ofisini, akamvutia kiti.

"Mapokezi ni sura ya hoteli," alisema. "Nimekuwa nikikuangalia. Unajua kuongea, unajua kutabasamu. Nataka uhamie pale."

"Na mwenzangu?"

"Atashuka chini kwa muda. Mpaka arudi kwenye hali yake. Si unaona mwenyewe?"

Bonge aliona. Aliona pia kwamba huyu mwanaume anamwambia jambo hili yeye, kati ya watu wote, bila wasiwasi hata kidogo, kama mtu anayeongea na mwenzake wa upande ule ule. Moyoni alikuwa na majibu, mazuri, mengi, aliyoyapanga kule stoo juu ya mablanketi. Lakini alikuwa pia na miaka ya saruji kwenye magoti, na hamu moja ambayo hakuwahi kuisema hata kwa Ngano, ya kukaa siku nzima mahali penye dirisha. Mdomo wake ukasema, "Asante, bosi."

Kesho yake alishuka kumfundisha mwenzake mashine. Dada wa mapokezi alisimama mbele ya roli la moto na aproni iliyomzidi urefu, maziwa yamemvuja yakalowesha kifua, kwa kuwa mtoto alikuwa nyumbani na saa ya kunyonya ilikuwa imepita.

"Shika pembe hizi mbili, usisogeze vidole," Bonge alimwonyesha. "Ukiona mvuke umekuwa mwingi, rudi nyuma nusu hatua."

Yule alifuata. Shuka la kwanza likatoka upande. La pili likanyooka. Kisha akauliza huku macho yako kwenye kitambaa, "Ungeweza kukataa?"

Bonge alinyoosha pembe ya shuka lililofuata.

"Usinionee huruma," mwenzake aliendelea. "Unadhani mimi pale juu niliwekwa kwa sababu ya hesabu zangu? Nilimkuta mama mmoja amekaa pale, mtu wa makamo, anaongea lugha tatu. Nikakalia kiti chake kikiwa bado cha moto. Sikuuliza alikwenda wapi." Alijipangusa kifua na kiganja. "Ila wewe nilidhani ungeuliza. Kwa sababu wewe ulitokea huku."

Maneno hayo Bonge alipanda nayo ngazi. Yalikuwa mazito kuliko mwili wake wa zamani.

Alivaa sare ya mapokezi, akajifunza simu na funguo na majina ya wageni wa kudumu. Alikuwa hodari. Wateja walimpenda. Dirisha lilikuwepo, kubwa, linatazama barabara. Kupitia dirisha hilo ndipo alipomwona mumewe.

Ngano alikuwa amekuja mchana, mtu ambaye saa hizo angekuwa amelala. Alivaa shati la kutokea, lakini nyusi zilikuwa nyeupe vile vile. Alisimama kwenye milango ya kioo, akanyoosha kola, akataka kuingia. Mlinzi wa mbele akamwekea mkono. Bonge hakusikia kinachosemwa, ila alikijua: wanaoleta mikate wanapita nyuma. Ngano akaonyesha kwa kidole ndani, kuelekea mapokezi. Mlinzi akageuka na kumtazama Bonge, akiuliza kwa nyusi, unamfahamu huyu?

Mbele ya kaunta alisimama mgeni mwenye suti, anaeleza habari ndefu ya safari yake, amelaza kiwiko karibu na mkono wa Bonge. Ilihitajika kuinua kidole tu. Bonge aliinamisha uso kwenye kitabu cha wageni, akajifanya anatafuta jina. Alipoinua, mlangoni hapakuwa na mtu.

Alirudi nyumbani jua halijazama. Ngano alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni.

"Uliniona," alisema.

"Nilikuona."

"Basi. Nilikuwa nataka kujua hilo tu."

"Wewe ulinitangazia ugonjwa mtaa mzima," Bonge alisema. "Usinililie kwa sababu ya mlango."

"Nilitangaza kwa sababu nilikuwa naogopa."

"Unaogopa nini? Mimi nimekufanyia nini? Nimekupikia, nimekufulia, nimekaa na wewe bila mtoto na sikukulaumu. Nimekuwa mke yule yule!"

"Hapana," Ngano alisema taratibu. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyomtisha Bonge. "Sikiliza nikuambie, tusidanganyane tena. Mimi ni mtu mdogo. Mwanamke wa kwanza niliyemtaka alichukuliwa na mwenye gari. Wa pili alichukuliwa na rafiki yangu. Nilipokuona kwa baba yako, umekaa pale unashona magauni ya wadogo zako, nikasema, huyu hapa. Huyu hakuna atakayekuja kunichukulia. Miaka yote hii nimelala usingizi, mke wangu. Usingizi wa kweli. Sasa silali."

Bonge alijikalisha kwenye kiti polepole, kana kwamba magoti yale ya zamani yamemrudia.

"Kwa hiyo hukunipenda."

"Nilikupenda. Nilikupenda kwa amani."

"Ulinipenda kwa sababu hakuna aliyenitaka."

Hakukana. Angeweza kukana, na Bonge angemwamini, kwa maana alitaka kuamini. Ngano alitazama viatu vyake. Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania baiskeli.

"Nilidhani ni wewe peke yako uliyeniona," Bonge alisema. "Wengine wote sikuwajali kwa sababu yako. Kumbe na wewe uliona kile kile walichokiona wao. Tofauti ni kwamba wewe kilikufaa."

Ngano alihamia kwa dada yake kabla ya mwezi kwisha. Hawakupigana, hawakugawana vitu kwa kelele. Aliacha kitanda na redio, akachukua kabati. Kwa muda mrefu mtaa uliendelea kuamini kwamba amemkimbia mgonjwa, wakamlaumu sana, na Bonge hakujisumbua kumtetea.

Aliendelea kukimbia. Kocha, aliyekuwa amesikia yote, hakumpa pole. Alimwongezea mzunguko.

Wanaume walikuja sasa, maana habari za mwanamke aliye peke yake zinasambaa zenyewe. Bonge aliwasikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la redio. Mgeni mwenye suti alirudi na manukato. Meneja alianza kumwita ofisini kwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu, mpaka alipomwambia mlango uachwe wazi. Hakuna aliyemgusa moyo. Kila sifa aliigeuza kuona upande wa chini.

Mmoja tu ndiye aliyempa shida, fundi wa lifti. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, aliyekuja kila lifti ilipokwama, na lifti ile ilikwama mara kwa mara. Hakumsifu. Alimwuliza habari za magoti. Alimwambia kuhusu binti yake anayechukia hesabu. Siku moja alimletea kiti kirefu alichokitengeneza mwenyewe, kwa kuwa aliona kile cha mapokezi kinamchosha mgongo. Bonge akajikuta anasikiliza kama lifti inanguruma vizuri au vibaya, na akifurahi ikinguruma vibaya.

Fundi alipomwambia kwamba anataka kumwoa, walikuwa wameketi kwenye mkahawa karibu na hoteli, adhuhuri, chai imepoa. Bonge akatoa picha kwenye mkoba. Alikuwa yeye, kwenye harusi ya mdogo wake wa mwisho, amejaa fremu nzima, anacheka.

"Unamjua huyu?"

Fundi aliitazama sana. "Ni wewe."

"Niliingia hoteli hii nikiwa huyu. Wewe ulianza kuja pale zamani, wakati ule. Nilikuwa napita na mikokoteni ya shuka mbele ya lifti yako. Ulikuwa unanipisha. Unakumbuka?"

Alifikiri. Bonge aliona jinsi anavyojaribu kwa dhati, anavyorudi nyuma miaka na kufungua mlango mmoja baada ya mwingine, na hamkuti.

"Sikumbuki," alisema mwishoni.

"Ungekuwa umenitaka, nikiwa huyu?"

Fundi aliweka picha mezani kwa uangalifu. "Sijui. Pengine nisingekutazama mara mbili. Sitaki kukudanganya. Nilikutazama kwa sababu ulipendeza. Haya mengine nimeyapenda baadaye, nilipokwisha kusogea karibu. Ila kama usingependeza, nisingesogea. Sasa nifanyeje? Hivyo ndivyo ilivyokuwa."

Alikuwa amesema kweli, na aliisema kwa adabu. Bonge alimshukuru. Alirudisha picha mkobani, akamwambia hapana, akamwomba asimuulize tena. Uso wa yule mwanaume ulikunjamana kama wa mtu aliyelipa na kunyimwa bidhaa, lakini alisimama, akamvutia kiti apite.

Jioni hiyo, kabla ya kubadili sare, Bonge alishuka kwenye chumba cha kufulia. Mwenzake alikuwa bado huko. Hali yake haikurudi, na Meneja hakuzungumzia tena kumrudisha juu. Alikuwa amekuwa hodari wa roli, anakunja shuka huku anaongea. Walikuwa wameanza kusemezana tena, si kama zamani, lakini walisemezana. Bonge akamweleza habari za fundi.

"Mjinga wewe," mwenzake alisema. "Hao wengine wote wamekudanganya, mume wako namba moja. Huyo amekwambia kweli, ndiyo unamfukuza?"

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Bonge alishika pembe mbili za shuka lililokuwa linatoka, mikono ikifanya kazi kwa mazoea. "Nikiolewa naye, kila asubuhi nitaamka kitandani na mtu anayejua asingenitazama. Nikiumwa nikanenepa, nitakuwa nautazama uso wake ninapoingia chumbani. Nikizaa. Nikizeeka. Nitakimbia mpaka nife, na si kwa sababu napenda kukimbia."

"Na peke yako je? Utaweza?"

Bonge alilivuta shuka likanyooka. Simu ya ukutani ililia. Huko juu basi la wageni lilikuwa limefika na kaunta haina mtu. Alimwachia mwenzake shuka, akanyoosha blauzi mbele ya kioo kidogo kilichotundikwa kando ya mlango, akapaka rangi ya mdomo. Kisha akapanda ngazi, mbili mbili, bila kushika ukuta, na walipomwona wageni wote walitabasamu.